Ramani Zaidhinishwa, Lakini Nyumba Ziko Wapi?

Ndugu msikilizaji, kuna sentensi moja ambayo sisi watangazaji huisoma katika habari za biashara mara kwa mara. Husema kwamba thamani ya ramani za majengo zilizoidhinishwa jijini Nairobi imepanda, au imeshuka, ikilinganishwa na mwezi uliotangulia. Baada yake huja bei ya chai katika mnada wa Mombasa, kisha thamani ya shilingi, halafu hali ya hewa. Nimeisoma sentensi hiyo hewani mara nyingi, tena kwa sauti ya kuaminika, na ninakiri kwamba kwa miaka mingi sikujiuliza inahesabu kitu gani hasa.

Juma hili nataka tujiulize. Takwimu hizo hutolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, katika jarida lake la kila mwezi kuhusu viashiria vya uchumi. Hugawanywa mafungu mawili: majengo ya makazi, na majengo yasiyo ya makazi kama vile maduka, ofisi na viwanda. Wenye benki huzitazama, wauzaji wa saruji huzitazama, na serikali huzitaja inapotaka kuonyesha kwamba uchumi unasonga mbele. Si bure. Mtu hachorewi ramani na kulipia ada isipokuwa ana fedha mkononi au ana matumaini ya kuzipata. Kwa hiyo takwimu hizi hutuonyesha mapema kiasi cha imani walicho nacho wenye mali.

Hata hivyo, ramani iliyoidhinishwa si nyumba. Ni karatasi yenye muhuri. Thamani inayotangazwa ni makadirio ya gharama kabla hata jiwe moja halijawekwa juu ya jingine. Jengo moja refu la ofisi kule Upper Hill au Westlands laweza kuupandisha mwezi mzima. Kamati ya kuidhinisha isipoketi, mwezi huo huonekana kana kwamba jiji zima limelala. Ndiyo maana wataalamu wa takwimu hutushauri tusikimbilie mwezi mmoja, bali tutazame mwelekeo wa miezi mingi.

Lakini hata tukitazama miezi mingi, bado liko swali lililo zito zaidi. Je, nyumba anayolala mkazi wa kawaida wa Nairobi, mama mboga, fundi wa jua kali, mlinzi wa usiku, imo katika hesabu hiyo? Ili kulijibu hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Pale palikuwa ni mahali penye maji na tope, na mji ukaota kando ya karakana za reli bila mpango wowote wa maana. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa mji wakaamuru soko hilo lichomwe moto. Tangu siku hizo suala la nani ajenge nini, na wapi, likaingia mikononi mwa maofisa wa afya. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa William Simpson kutoka Uingereza achunguze usafi wa miji, naye akapendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali. Sheria za ujenzi zikafuata mkondo huo. Aliyekuwa na haki ya kujenga nyumba ya mawe alitambuliwa kuwa mwenye mji. Aliyejenga kwa udongo na fito alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi, ambaye siku moja angerudi kwao.

Waafrika walikuwa na vijiji vyao ndani ya mji: Pangani, Maskini, Kaburini, kijiji cha Mombasa, na Kileleshwa. Mapema katika miaka ya 1920 baraza la mji lilipima viwanja Pumwani na kuwaita watu wahamie huko, wajijengee wenyewe. Wakajenga nyumba za Kiswahili kama zile za pwani: ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, kila chumba na mpangaji wake. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Wenye nyumba wa Pumwani walikuwa na ruhusa ya kukaa, lakini ilikuwa ruhusa ya muda. Tukumbuke jambo hili, msikilizaji, kwa maana linajirudia katika kila sura ya kisa chetu: nyumba ipo, wapangaji wapo, kodi inalipwa, ila karatasi yenye nguvu haipo.

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa Nairobi kama jiji kuu la koloni, na mwaka 1950 Nairobi ikapewa hati ya kuwa jiji. Mitaa ya baraza ikajengwa upande wa mashariki. Lakini hesabu ya vitanda ilikuwa nyuma ya hesabu ya watu siku zote, na uhuru ulipopatikana mwaka 1963 vizuizi vya kuingia mjini vikaondoka. Watu wakaja. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu wakazi 509,286. Ile ya mwaka 1979 ikapata 827,775, na ya mwaka 1989 ikapata 1,324,570.

Taifa huru liliwapokeaje watu hao? Mwaka 1968 serikali ilitoa kanuni za ujenzi ambazo mabaraza ya miji yangezifuata. Zilikuwa za daraja mbili. Daraja la kwanza lilishika vipimo vilivyorithiwa kutoka Uingereza: unene wa ukuta, ukubwa wa chumba, urefu wa dari, bomba la maji taka. Daraja la pili liliruhusu vifaa vya bei nafuu, lakini katika sehemu maalumu tu. Nia ilikuwa njema. Hakuna mzazi ambaye asingependa mwanawe akae katika nyumba yenye ukuta imara na choo safi. Taabu ni kwamba nyumba ya daraja la kwanza haikuweza kununuliwa wala kupangwa na mtu wa mshahara wa kawaida, na daraja la pili mabaraza yaliliogopa. Waliona haya kuruhusu nyumba duni katika jiji la taifa huru.

Kwa hiyo watu wakajijengea bila kuuliza. Katika bonde la Mathare, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi waliunda makampuni ya ushirika, wakachangishana, wakanunua ardhi waliyokuwa wakiikalia ili wasifukuzwe. Kisha wakajenga vyumba vya mbao, safu baada ya safu, maelfu ya vyumba katika muda wa miaka michache. Ramani hazikuidhinishwa. Punde si punde watu wenye fedha, wasiokaa Mathare hata kidogo, wakanunua hisa katika makampuni hayo, na vyumba vya kodi vikawa biashara nono. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo lilipozaliwa soko la nyumba za kupanga la Nairobi tunalolijua leo. Lilizaliwa nje ya afisi ya ramani.

Serikali haikulala. Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wazo lake lilikuwa rahisi: baraza lipime viwanja kama 6,000, liweke barabara, maji, choo na bafu, halafu mwenyeji ajimalizie vyumba kadiri ya uwezo wake. Palizuka mabishano marefu kuhusu viwango. Benki ilitaka gharama ziwe chini ili maskini wamudu. Wakuu wa jiji waliogopa kwamba wangekuwa wanajenga mtaa wa mabanda kwa mhuri wao wenyewe. Mwishowe Dandora ilijengwa, na familia nyingi zilipata pa kukaa. Ukienda huko leo utaona katika viwanja vingi majengo ya ghorofa nne, tano, au zaidi, ya vyumba vya kupanga, juu ya mabomba yaliyopimwa kwa ajili ya familia moja au mbili.

Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983 na mahali pake pakakaa Tume ya Jiji hadi mwaka 1992. Katika miaka hiyo afisi za jiji zilidhoofika huku watu wakizidi kumiminika. Mei 1990 askari wa jiji walibomoa vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, na raia wakapigana nao barabarani. Kubomoa kulikuwa jibu la haraka, lakini hakukumpa mtu chumba. Waliobomolewa walihamia penginepo, na penginepo hapo hapakuwa na ramani vilevile.

Ndipo ghorofa zikaanza kupanda. Mwenye ploti katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa jiji hakuwa na hati ya kumiliki ardhi. Alikuwa na cheti cha hisa kutoka kampuni ya kununua mashamba, au barua ya ugawaji kutoka baraza. Hebu mfikirie mtu huyo akienda afisini kuomba idhini. Ataulizwa hati, na hana. Ataulizwa mchoro wa msanifu aliyesajiliwa, ambaye malipo yake yangeweza kumwekea msingi mzima. Ataulizwa mahali pa kuegesha magari, na wapangaji anaowatarajia hawana hata baiskeli. Atalipa ada, kisha atangoje. Na akingoja, jirani yake ambaye hakuomba tayari yuko ghorofa ya tatu na anapokea kodi. Mtu huyo hurudi nyumbani, humwita fundi, na kazi huanza siku ya Ijumaa jioni ili hadi Jumatatu asubuhi ukuta uwe umesimama.

Sisemi haya ili kumtetea. Nasema ili tuelewe kwa nini hesabu ya kila mwezi ilianza kuzungumzia jiji moja na macho yetu kuona jiji jingine. Mtu aliyefika dirishani alihesabiwa. Aliyekata tamaa njiani hakuhesabiwa, na nyumba yake ikasimama bila mhandisi kuupima udongo, bila mtu kuhesabu nondo, bila mkaguzi kuangalia kama zege limekauka kabla ya kumwagwa jingine juu yake.

Gharama ya jambo hilo tumeilipa kwa maisha ya watu. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa karibu na Nyamakima, katikati ya jiji, liliporomoka mchana likiwa limejaa vibarua, na zaidi ya watu kumi wakafa. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011, ili wakandarasi wasajiliwe na kila mradi ujulikane.

Halafu ikaja Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto lilianguka na wapangaji wake wakiwa ndani. Nilikuwa miongoni mwa waandishi waliotumwa huko. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mitambo ya kuondoa vifusi ilishindwa kupenya, na watu wakachimba kwa mikono. Mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na umati ukashangilia kwa machozi. Lakini watu takriban 50 hawakutoka hai. Wakuu wa serikali walieleza kwamba jengo hilo halikuwa na idhini, na kwamba lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa yale ya kubomolewa.

Niliporudi studio, nikakaa mbele ya kipaza sauti kusoma habari za biashara, sentensi ile ya ramani zilizoidhinishwa ilinikwama kooni. Maana jengo lile la Huruma halikuwa limeingia katika hesabu yoyote niliyowahi kuisoma. Lilipojengwa, takwimu za mwezi huo hazikupanda. Lilipoanguka, hazikushuka. Wapangaji wake walilipa kodi kila mwezi, walinunua maji kwa mitungi, walipiga kura, ila nyumba yao kwa upande wa takwimu haikuwako.

Baadhi yenu mtasema kwamba Huruma ni jambo la pekee. Basi tuutazame mwaka 2020 kwa jumla. Mwaka huo ulianza kwa mabadiliko: kazi ya upangaji wa jiji ilitolewa mikononi mwa serikali ya kaunti na kukabidhiwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS. Punde ugonjwa wa korona ukaingia nchini. Kwa mujibu wa ripoti ya uchumi ya serikali, thamani ya ramani zilizoidhinishwa Nairobi ilishuka kutoka kama shilingi bilioni 207 mwaka 2019 hadi kama bilioni 153 mwaka 2020. Yaani robo nzima ilitoweka. Ukisikia hivyo utadhani mafundi wote walikaa nyumbani. Lakini mwaka huohuo, saruji iliyotumika nchini iliongezeka kutoka tani kama milioni 6 hadi zaidi ya tani milioni 7.

Tuwe waangalifu. Hesabu ya saruji ni ya nchi nzima na ile ya ramani ni ya Nairobi peke yake. Tena saruji nyingi huenda kwenye barabara na miradi ya serikali. Hata tukikubali hayo yote, pengo ni kubwa. Tukio hilo moja latosha kutuonya kwamba afisi ya ramani yaweza kufunga madirisha yake na nchi ikaendelea kujenga usiku na mchana. Saruji haingoji muhuri.

Basi tutupe takwimu hizi jaani? La hasha. Daktari haachi kumpima mgonjwa joto kwa sababu kipimo hakionyeshi vidonda vya mguu. Hupima joto, kisha huuangalia mguu pia. Ripoti ya uchumi ya kila mwaka hutaja pia majengo yaliyokamilika na kuripotiwa, na hilo ni jambo zuri. Lakini neno muhimu hapo ni "kuripotiwa". Ninaloliomba ni kwamba hesabu ifuate safari yote ya nyumba. Ni ramani ngapi ziliombwa mwezi huu, na ngapi zinangoja? Ni misingi mingapi ilikaguliwa kabla ya kumwagwa zege? Ni majengo mangapi yalipewa cheti cha kuruhusu watu kuingia kukaa? Mpangaji akizijua hesabu hizo, kwa kata yake na mtaa wake, atakuwa na kitu cha kumuuliza mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya kwanza.

Jambo la pili ni dirisha lenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata makazi ya kutosha. Kanuni zile za mwaka 1968 zilikuwa bado zikitajwa wakati wajukuu wa waliozitunga wamekwisha kuwa watu wazima. Zilirekebishwa kidogo mwaka 1995 ili vifaa vya bei nafuu vikubalike, lakini kanuni mpya kabisa ya kitaifa ya ujenzi ilichapishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Ni miaka 57. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuihesabia Nairobi wakazi 4,397,073, karibu mara tisa ya wale wa mwaka 1969.

Kanuni mpya ni hatua, lakini historia inatufundisha kuisoma kwa jicho moja la furaha na jingine la tahadhari. Viwango vya usalama havina mjadala: msingi, nguzo, nondo, mto usijengewe kando yake. Hapo asihurumiwe mtu. Lakini viwango vya starehe na vya fahari, na mzunguko wa afisi baada ya afisi, hivyo ndivyo vilivyowasukuma wajenzi gizani tangu siku za Pumwani. Mwenye ploti ndogo ya urithi akipata mchoro wa bei nafuu ulio tayari, akajibiwa kwa wakati, na mkaguzi akaja kumwelekeza badala ya kuja kudai chai, wengi watafika dirishani wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumefika mahali ukuta umekwisha anguka zaidi ya mara moja, na bado tunajadili ufa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mwezi ujao utakapotusikia tukitangaza kwamba ramani zilizoidhinishwa zimepanda au zimeshuka kwa asilimia kadhaa, usizime redio. Sikiliza, kisha inua macho uitazame nyumba uliyomo. Muulize mwenye nyumba, kwa heshima, kama ina karatasi. Kama anayo, mwombe akuonyeshe. Kama hana, basi elewa kwamba mimi niliye studio, na karani aliye afisini, na waziri anayezisoma takwimu hizo Bungeni, sote hatujui kwamba nyumba hiyo ipo. Wewe ndiwe unayejua, kwa sababu ndiwe unayelala chini ya dari yake.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.